Ubongo, Akili na Mwinuko wa Ardhi: Historia ya Hoja Moja ya Kikoloni

Milimani na Bondeni, majina ya mitaa miwili ya Nakuru, ni maneno ya kawaida yanayotaja sura ya ardhi. Enzi za ukoloni yalidokeza pia daraja za watu: walowezi wa Kizungu walikaa juu, kwenye mteremko wa Menengai, na Waafrika wakawekwa chini. Mgawanyo wa aina hii ulihitaji hoja ya kuuhalalisha. Katika miaka ya 1930, baadhi ya matabibu wa Nairobi waliitafuta ndani ya fuvu.

Mwaka 1934 F. W. Vint alichapisha matokeo ya uchunguzi wa bongo za maiti za Waafrika: wastani wa gramu 1,276, dhidi ya 1,428 za Wazungu. H. L. Gordon, tabibu wa Hospitali ya Mathari, aliegemea vipimo vya namna hiyo kuitilia shaka elimu ya Mwafrika. J. C. Carothers, aliyeiongoza Mathari baadaye, alimlinganisha Mwafrika mwaka 1951 na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1954, katika kijitabu chake kuhusu Mau Mau, uasi wa watu waliodai ardhi ulielezwa kwa misukosuko ya nafsi zao.

Frantz Fanon alimjibu Carothers mwaka 1961, na jibu hilo likawafikia wasomaji wa Kiswahili mwaka 1978 katika tafsiri iitwayo Viumbe Waliolaaniwa.

Je, kuporomoka kwa hoja ya mizani kunathibitisha kwamba akili ni zaidi ya ubongo? La hasha. Ajali ya kichwa yaweza kumwondolea mtu usemi au kumbukumbu. Akili haina makao mengine yajulikanayo. Kosa la matabibu wale halikuwa kuihusisha akili na ubongo, bali kuisoma akili kwa gramu, pasipo kuzitenga lishe, maradhi na ukubwa wa mwili.

Kiswahili chenyewe hutenga dhana hizi. Ubongo hupasuka na hupimwa; akili mtu huwa nayo, huitumia, hufunzwa na wenziwe. Hata hivyo, msamiati si ushahidi wa kifalsafa. Unachotufundisha ni kwamba kiungo kimoja hakitoshi kumweleza mtu aliyenyimwa shule na shamba. Mhakiki anayechunguza wahusika wenye wazimu katika riwaya zetu hana budi kuuliza kwanza: ni nani aliyeshika mizani, na alikaa mtaa gani?