Mahali na Hatima ya Mhusika: Kutoka New York hadi Ukerewe

Wanafunzi wanapofika kwenye mikondo ya fasihi ya Marekani, wengi huuliza: mambo haya yanatuhusu nini sisi tunaosoma Kiswahili hapa Kampala? Swali hili ni la haki, na katika makala haya tunakusudia kulijibu.

Baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe (1861–1865), waandishi kadhaa wa Marekani waligeukia maeneo waliyoyajua. Sarah Orne Jewett aliandika kuhusu vijiji vya pwani ya Maine, na Kate Chopin kuhusu Louisiana. Walishughulikia lahaja, desturi na mandhari ya mahali. Mkondo huo tutauita fasihi ya mahali. Katika miaka ya 1890 ulishika kasi mkondo wa pili, yaani uasilia, uliochota fikra zake kwa Mfaransa Émile Zola. Waasilia walishikilia kwamba binadamu hutawaliwa na damu aliyoirithi na mazingira aliyokulia, hata hiari yake ikawa ndogo sana. Mathalani, katika Maggie: A Girl of the Streets (1893), Stephen Crane anamweka msichana maskini wa New York katika nyumba ya ulevi na mtaa usio na huruma. Anafukuzwa nyumbani, anaingia katika ukahaba, na mwisho anakufa.

Sasa tutazame kwetu. Euphrase Kezilahabi (1944–2020) alizaliwa Ukerewe, kisiwa kilichomo katika ziwa hili hili tunaloliona kutoka Ggaba. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika (1971), inaanzia huko huko. Rosa ana baba mlevi na mkali, Zakaria, anayemchunga mno asizoeane na wavulana. Anapotoka nyumbani kwenda masomoni hajui namna ya kujilinda. Anapotoka, anakataliwa, na anajiua. Kwa muda riwaya hii ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania.

Msomaji ataona kwamba Maggie na Rosa ni kama ndugu. Hata hivyo, wanatofautiana katika jambo moja kubwa. Crane anatuonyesha mazingira yakimponda mtu, kisha ananyamaza. Kezilahabi hanyamazi, anauliza nani alaumiwe, mtoto au mzazi. Kwake, malezi si nguvu ya maumbile bali ni kazi ya watu, na kazi ya watu inaweza kurekebishwa.

Hali kadhalika, Adam Shafi katika Kuli (1979) anachora bandari ya Zanzibar na mizigo inayowavunja migongo wachukuzi. Rashidi ni mwana wa kuli, naye anakuwa kuli. Mwasilia angeishia hapo. Lakini Shafi anampeleka Rashidi hadi kwenye mgomo wa mwaka 1948, na urithi wa dhiki unageuka kuwa sababu ya kuungana.

Kwa hiyo tusiyabandike majina ya mikondo ya kigeni kwenye riwaya zetu bila kupima. Katika kazi hizi mbili, mahali na dhiki vimeshikana, lakini mlango wa hiari haujafungwa.

Kwetu Uganda kuna funzo zaidi. Kiswahili kilitajwa katika katiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Pamoja na hayo, wengi bado huamini kwamba anayestahili kutunga kwa Kiswahili ni mtu wa pwani. Kezilahabi, mtoto wa Wakerewe, hakusubiri ruhusa ya Unguja. Aliwaandika watu wa kisiwa chake, na wasomaji wa pwani wakamfuata huko. Kisenyi, Katwe na Owino zina watu wanaoishi kwa Kiswahili kila siku. Tunawahimiza wanafunzi wetu wasiishie kuichambua Ukerewe ya Kezilahabi na bandari ya Shafi, bali waanze kuiandika Kampala yao.