Ugonjwa wa sukari Likasi: tangu hospitali ya kampuni mpaka leo

Leo tuongee juu ya ugonjwa wa sukari. Tuuangalie kupitia historia ya mji wetu, kwa sababu kuna swali moja ambalo wazee wa Panda na Shituru wanalielewa mbio: zamani ni nani alikuwa anamwita mgonjwa arudi kupimwa?

Insulini ilipatikana Toronto, Kanada, mwaka 1921, kwa kazi ya Frederick Banting na Charles Best. Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alichomwa sindano. Mbele ya hapo mtoto mwenye sukari alikuwa anakonda tu mpaka kufa. Wagunduzi waliuza haki yao kwa chuo kikuu kwa dola 1 tu. Hata hivyo dawa ikibaki dukani na mgonjwa akibaki nyumbani, hakuna kilichofanyika. Lazima pawe na mtu wa kati.

Hapa kwetu, mtu huyo wa kati alikuwa kampuni. Union Minière, iliyoundwa 1906, iliamua katika miaka ya 1920 kukaza wafanyakazi wakae na wake na watoto wao. Ikajenga kambi, shule na hospitali, ikatoa poso. Haikuwa huruma, tusidanganyane: mfanyakazi mzima anatoa shaba nyingi. Mwaka 1967 serikali ikachukua mali hiyo, na Gécamines ikarithi mtindo uleule. Mfanyakazi, bibi yake na watoto walitibiwa bila kulipa franga mlangoni. Ndiyo maana wazee wanasema kampuni ilikuwa baba na mama.

Kwa mtu wa sukari mpango huo ulikuwa na maana kubwa kuliko kwa mtu wa malaria. Malaria unatibu, inaisha. Sukari haiishi. Inataka dawa kila siku, damu kupimwa, presha, mkojo kwa ajili ya mafigo, macho mara moja kwa mwaka, na miguu kuangaliwa vidole kwa vidole. Mgonjwa anaweza kujisikia mzima kabisa huku macho yanaharibika. Kwa hiyo anahitaji mahali panapoweka jina lake na kumngojea.

Mahali hapo paliyumba taratibu. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa, na wengi wa hapa Likasi walilala kwenye kituo cha treni wakingoja gari. Mtu wa sukari aliyekuwa kati yao alipotezana na daktari wake siku moja. Kisha 2003, kwa pesa za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kazini wakipewa malipo ya mara moja. Walipotoka, matibabu ya bure nayo yalitoka. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu alikuwa ameshatoa, 2001, kitabu ambacho jina lake linawataja watoto wa Shaba kuwa wameachwa na baba yao.

Tangu hapo mgonjwa anajiita mwenyewe. Wengi wananunua vidonge pesa ikionekana, wanaacha ikikosekana, wanarudi hospitali mguu ukishaoza.

Familia zilizokimbia zina shida hiyo na nyingine: joto. Tulizoea kusikia kwamba insulini bila friji ni bure. Kambini Dagahaley, kule Dadaab nchini Kenya, Médecins Sans Frontières walipima joto la ndani ya nyumba za wakimbizi: kati ya digrii 25 na 37. Watafiti wa Geneva wakaijaribu insulini katika joto hilohilo kwa wiki 4. Matokeo yaliyotangazwa 2021 yalionyesha kwamba nguvu yake ilibaki karibu sawa na ile ya kwenye friji. Hiyo haina maana ya kuiacha juani au kuiweka karibu na mbabula. Uliza muuguzi kwanza kuhusu aina uliyo nayo. Lakini kukosa friji si sababu ya kuacha sindano, na mtoto anayeishi kwa insulini akikatizwa anaweza kufa kwa siku chache.

Mliofika karibuni, hata kama karatasi zilibaki njiani, chukueni kasha tupu la dawa, au andikeni jina lake, kipimo na saa ya kuinywa, mwende nalo kituo cha afya kilicho karibu. Na mvue viatu mbele ya muuguzi, hata asipowaomba.