John Denver na koki ya mafuta

Wadau, wimbo wa Country Roads wengi tunaujua kuliko tunavyomjua aliyeuimba. John Denver alikufa tarehe 12 Oktoba 1997, ana miaka 53, kindege chake kilipoanguka baharini karibu na Pacific Grove, California. Ukiuliza watu utaambiwa jamaa aliishiwa mafuta. Basi na hadithi imeisha. Jamani, haikuwa rahisi hivyo.

Kindege kilikuwa Long-EZ, aina iliyobuniwa na Burt Rutan, ambayo mtu anaiunda mwenyewe nyumbani kwa kufuata michoro. Mafuta yanakaa kwenye matangi mawili, kushoto na kulia, na kuna koki ya kuchagua unatumia lipi. Rutan aliiweka koki karibu na miguu ya rubani. Aliyekiunda hiki hakutaka mafuta yapite pale rubani anapokaa, akaihamishia nyuma ya bega la kushoto. Tena haina alama! Vipimo vya mafuta navyo viko huko nyuma, kwa abiria. Kubadili tangi ni lazima uachie usukani, ujipinde, mkono wa kulia uvuke bega la kushoto. Ukijipinda hivyo, mguu wa kulia nao unakandamiza pedali.

Denver alikikabidhiwa jana yake tu. Pale uwanja wa Monterey yeye na fundi waliliona tatizo, wakajaribu kurefusha mkono wa koki kwa plaizi, ikashindikana. Akapewa kioo kidogo cha kuchungulia vipimo. Fundi akamwambia tangi la kulia halifiki nusu, la kushoto halifiki robo. Kuongezewa mafuta akakataa, eti anaruka kama saa moja tu.

Hata hiyo saa moja haikufika. Alipaa baada ya saa 11 jioni kidogo, na kama saa 11 na nusu watu walisikia injini ikikatika, kindege kikiwa kama mita 150 tu juu, kikapinda kulia na kuchomeka majini.

Wachunguzi wa NTSB walisema alishughulika na koki akapoteza udhibiti wa ndege. Wakataja pia kutojaza mafuta, koki yenyewe, na uchache wa mafunzo kwenye ndege ile, ingawa alikuwa na saa zaidi ya 2,700 angani.

Kuna wanaomtwika lawama zote aliyehamisha koki. Mimi nayaweka mafuta mbele. Koki ileile ilikuwa imesharuka miaka kadhaa na watu wengine, na ubaya wake Denver aliuona akiwa bado chini. Matangi yangejazwa, jioni ile asingekuwa na haja ya kuigusa.