Randolph Caldecott, Karani Aliyewachorea Watoto

Randolph Caldecott alizaliwa katika mji wa Chester, Uingereza, tarehe 22 Machi, 1846, naye tangu utotoni alikuwa na maradhi yaliyomwachia moyo dhaifu. Lakini alipotimiza miaka 15 alitiwa kazi ya ukarani katika benki huko Whitchurch, na kila alipopata faragha alizunguka mashambani na masokoni akichora farasi, mbwa na wakulima. Mwaka 1872 aliiacha kazi ya benki, akahamia London ili aishi kwa kalamu yake.

Huko alikutana na Edmund Evans, mpiga chapa aliyevistahi vitabu vya watoto. Caldecott alichora kwa wino, mafundi wakauchonga mchoro juu ya mbao, nakala ya kwanza ikarudi kwake aitie rangi, kisha kila rangi ikachongewa kibao chake, hata ukurasa mmoja ukapigwa chapa mara kadhaa kabla haujatimia. Tangu 1878 hadi 1885, kila ilipokaribia Krismasi, walitoa vitabu viwili, jumla 16, kila kimoja kwa shilingi moja.

Ustadi huo wa chapa ni wa kusifiwa, lakini kinachonifanya nimtukuze Caldecott ni kwamba aliyachora yale ambayo maneno yameyanyamazia. Wimbo mmoja wa kale wa watoto wa Kiingereza wasimulia kuwa sahani ilitoroka na kijiko, ukakoma hapo. Naye, katika kitabu chake cha 1882, akaongeza picha isiyo na neno hata moja, ambamo twaiona sahani imelala imevunjika vipande vipande, na kijiko kimeshikwa huku na huku na kisu na uma, mithili ya wazazi wakali wamrudishao binti yao nyumbani. Mtoto asiyejua kusoma huielewa habari ile, pamoja na huzuni iliyojificha ndani ya kicheko chake.

Caldecott alifariki St. Augustine, Florida, tarehe 12 Februari, 1886, akiwa na miaka 39.

Tangu 1938 chama cha maktaba cha Marekani hutoa kila mwaka nishani yenye jina lake kwa mchoraji bora wa kitabu cha watoto. Na mwaka 1972, kisha 1975, miongoni mwa vitabu vilivyotunukiwa heshima chini ya nishani hiyo vilikuwamo viwili vilivyoandikwa na Muriel Feelings na kuchorwa na Tom Feelings, kimoja cha kuhesabu na kimoja cha alfabeti, vyote viwili vikifundisha maneno ya Kiswahili.