GPA: Wastani wa Pointi za Ufaulu Chuoni

GPA ni wastani wa pointi za ufaulu ambao chuo hukokotoa kwa kila mwanachuo kwa kuzingatia gredi alizopata pamoja na uzito wa kila somo, na ndio unaoamua daraja la tuzo yake anapohitimu. Wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, hesabu hii huwahusu hasa wanachuo wa vyuo vya kati vinavyosimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET), kama chuo cha kilimo cha MATI Ilonga na chuo cha maafisa tabibu kilichopo Kilosa mjini. Tofauti na vyuo hivyo, chuo cha VETA Mikumi kiko upande wa ufundi stadi, ambako mafunzo hupangwa katika hatua ya I hadi ya III na kinachopimwa ni umahiri wa mwanafunzi katika kazi.

Uzito wa somo, au moduli, huelezwa kwa krediti, na krediti moja ni sawa na saa 10 za kujifunza, zikihesabiwa za darasani, za mafunzo kwa vitendo na za kujisomea. Kila gredi nayo ina pointi zake: katika stashahada, yaani NTA ngazi ya 6, A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2 na D ni 1. Pointi za gredi huzidishwa kwa krediti za moduli, mazao hayo yakajumlishwa, kisha jumla ikagawanywa kwa krediti zote.

Achukuliwe, kwa mfano tu, mwanachuo wa stashahada ya kilimo aliyepata B katika uzalishaji wa mazao wenye krediti 12, B+ katika sayansi ya udongo yenye 10, A katika ugani wenye 9, na C katika takwimu zenye 8. Mazao ya kuzidisha pointi kwa krediti ni 36, 40, 45 na 16, ambayo jumla yake ni 137, na 137 ikigawanywa kwa krediti 39 hutoa 3.51, inayoandikwa 3.5. Lau angepata A katika uzalishaji wa mazao na B katika ugani, gredi zikiwa zile zile nne, jumla ingekuwa 143 na wastani 3.66. Hapa ndipo wanachuo wengi hupoteza bila kujua, kwa kuwa hugawa muda wa kusoma sawa kwa sawa ilhali moduli hazina uzito sawa.

Hiyo 3.66 nayo haiandikwi 3.7. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, hukata tarakimu zinazofuata ile ya kwanza baada ya nukta badala ya kukadiria kwenda juu, hivyo hubaki 3.6. Ukali wa kanuni hiyo huonekana mpakani mwa madaraja, kwani daraja la pili la juu huanzia 3.5 na la kwanza huanzia 4.4, na mwenye 4.39 huhitimu kwa daraja la pili la juu.

Namba ya GPA haina maana pasipo kujua kipimo chake. Katika astashahada, yaani ngazi ya 4 na ya 5, kipimo huishia 4, hivyo 3.5 ni daraja la kwanza. Mwanachuo huyo huyo akipanda stashahada, ambako kipimo huishia 5, 3.5 humweka daraja la pili la juu. Mwenye stashahada anayeomba shahada ya kwanza, iwe katika chuo kikuu cha SUA au cha Mzumbe, kwa kawaida hutakiwa awe na GPA isiyopungua 3.0.

Shule za sekondari nazo ziliwahi kuingizwa katika mfumo huu: matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2014 yalitolewa kwa GPA, hadi Januari 2016 Waziri wa Elimu wa wakati huo, Joyce Ndalichako, alipoagiza madaraja ya zamani yarudishwe. Ndiyo maana kijana anayetoka kidato cha nne huingia chuoni amezoea hesabu iliyo kinyume, ambamo A ni pointi 1 na daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, kadiri zinavyopungua ndivyo ufaulu unavyopanda.