Mizani Kwanza

Katika miaka kumi hii hapana mkutano ambao wanachama wetu wa pembezoni mwa Temeke na Kinondoni hawakuomba duka, lori, ama nyumba za kupangisha. Nasi viongozi, tukiri, tuliyatamani yote.

Ndipo tulipoitazama historia ya wakulima wa pamba wa Ziwa Viktoria. Hao walianza na neno moja tu, nalo ni mizani ya mnunuzi. Waliweka wapimaji wao wenyewe, na mwaka 1955, wakiongozwa na Bwana Paul Bomani, wakaunda chama kikuu cha kuuza pamba yao. Viwanda vya kuchambua pamba vilifuata, na hilo halikuwa mbali na mizani. Lakini chama kiliingia pia katika matrekta na mashamba ya pamoja, gharama zikazidi mapato. Malalamiko juu ya vyama vya ushirika yalienea hata mwaka 1966 Serikali ikaunda kamati ya kuvichunguza. Mwaka uliofuata chama kile kikawekwa chini ya uangalizi wake.

Basi duka na nyumba tulivikataa. Lori tulilikubali, maana mchicha usiofika sokoni alfajiri hauna wa kuupima. Walionung'unika siku ile wangali wananung'unika, na ada zao wanalipa.