Wastani wa Mita Mia: Kiwango cha Kusafisha Udongo Wenye Mionzi na Kihamba cha Uchagani

Namtumbo iko mbali na Moshi, lakini swali lake limetufikia. Tangu kiwanda cha majaribio cha kuchakata urani kizinduliwe huko Julai 2025, ni rahisi kudhani kwamba kiwango cha kusafisha udongo wenye mionzi hakihitaji kuumiza kichwa: tuazime tarakimu ya Marekani, tusonge mbele. Napinga. Tarakimu hiyo ilitungwa kwa ardhi isiyofanana na kihamba, shamba la migomba linalozunguka nyumba ya Mchagga.

Kwamba radiamu-226 ndiyo ya kutazamwa kwanza katika mabaki ya urani na fosfeti, hakuna anayebisha: nusu-uhai wake ni miaka 1,600, nayo huzaa gesi ya radoni. Ubishi uko kwenye kipimo. Kanuni ya Marekani ya 1983, iliyolenga mabaki ya vinu vya urani, huruhusu nyongeza ya bekereli 185 kwa kilo juu ya kiasi cha asili katika sentimita 15 za juu, na 555 katika tabaka za chini. Wanaoinukuu husahau kwamba hiyo 555 haikutoka kwenye hesabu ya afya. Ilichaguliwa ili vifaa vya uwandani vigundue mabaki yaliyofukiwa bila kusubiri maabara, na mamlaka ya mazingira ya Marekani yenyewe ilikuja kulieleza hilo. Sasa mtu anayechimba shimo la mgomba Kibosho hupita sentimita 15 kabla hajatoa jasho, na udongo wa chini anaumwaga juu. Kwake hakuna tabaka mbili.

Mizani yangu ni mgodi wa Minjingu, kwa sababu mwamba wake wa fosfeti husagwa kuwa mbolea na kuuzwa kwa wakulima. Banzi na wenzake, katika utafiti uliochapishwa 2000, walipata humo wastani wa bekereli 5,760 za radiamu-226 kwa kilo. Udongo wa kawaida duniani una 35 hivi. Tuchukulie mkulima anaweka kilo 200 kwa hekta kila mwaka, na kwamba mita moja ya ujazo ya udongo wetu mwepesi wa volkano ina uzito wa kilo 1,000. Sentimita 15 za juu za hekta hiyo zina kilo milioni 1.5. Nyongeza ni chini kidogo ya bekereli 0.8 kwa kilo kwa mwaka. Baada ya miaka 50 inakaribia 38; kuifikia 185 kunahitaji takriban miaka 240. Kwa hiyo shamba si tatizo, na anayemtisha mkulima kwa jina la mionzi anamkosea.

Ila chukua mbolea ileile, uiweke mahali pamoja. Ghala kuukuu la chama cha msingi cha ushirika, mifuko imepasuka msimu baada ya msimu: kiasi cha mifuko kumi ya kilo 50, ikichanganyika na udongo wa mita 10 za mraba kwa kina kilekile, inatosha kuupandisha hadi karibu bekereli 1,440 kwa kilo. Kanuni ya Marekani hupima wastani wa mita 100 za mraba. Gawanya kwa kumi, unapata 144 hivi. Eneo limefaulu mtihani na ghala linaweza kugeuzwa chekechea. Katika jangwa la Utah wastani huo una mantiki. Uchagani, mita 100 za mraba zinaweza kumeza nyumba, banda la ng'ombe na uwanja wa kuchezea watoto, na mtoto hachezi kwenye wastani.

Nitaambiwa kupima kila mita kumi za mraba ni gharama. Ni kweli, endapo tutapima kila mahali. Lakini hesabu ya hapo juu imekwisha kuyaondoa mashamba. Yanabaki maghala, vituo vya kupakulia na mgodi wenyewe, ambako utafiti uleule ulikuta mionzi hewani mara 28 ya wastani wa dunia. Tume ya Nguvu za Atomiki ina maabara Njiro, Arusha, mwendo wa saa chache.

Ninachopendekeza, basi, ni kiwango cha nyongeza juu ya asili iliyopimwa hapahapa, maana majivu ya Kibo na mashapo ya tambarare ya Mabogini hayana sababu ya kufanana. Eneo la wastani lisilozidi mita 10 za mraba penye makazi. Na kina kimoja, kile cha shimo la mgomba. Kwa mabwawa ya mabaki ya Namtumbo, mbali na nyumba za watu, mita 100 huenda zikafaa.